Msimbo Ulio Hadharani Hauombi Kibali: Sheria za Usimbaji na Programu Huria

Ukipeleka programu ya simu kwenye duka la Apple, kabla haijafika kwa wakaguzi unaulizwa inatumia usimbaji (kuficha data kwa hesabu) wa aina gani. Wapo wanaobonyeza jibu la kwanza wanaloliona ili mambo yaende. Wapo pia wanaoogopa hadi wanauondoa usimbaji waliokuwa wameuweka kwa ajili ya kumlinda mtumiaji. Wote wanajiumiza bure. Swali lenyewe halikuanzia Apple. Limetoka katika sheria ya Marekani ambayo kwa miaka mingi iliziweka hesabu za kuficha ujumbe kapu moja na mizinga na makombora, na ambayo bado ipo, ingawa imelegezwa sana. Anayeandika programu huria ya usalama, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa yeyote, awe Mbeya, Kisumu au Goma, anapaswa kujua ni wapi sheria hiyo inamgusa na ni wapi haimgusi, kwa sababu msimbo wake utakaa kwenye seva za kampuni za Marekani hata kama yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga huko.

Niliseme kubwa mapema. Msimbo chanzo wa usimbaji, yaani maandishi ya programu kama mwandishi alivyoyaandika, ukishachapishwa hadharani, kwa kila anayetaka, bila sharti la kumzuia kuusambaza zaidi, unatoka nje ya kanuni za Marekani za kusafirisha bidhaa nje. Hauna haja ya leseni. Shida karibu zote huanza pale mtu anapoufunga kidogo: hifadhi ya msimbo iliyo ya faragha, toleo la kulipia lenye vipande visivyoonekana, fomu ya kujaza kabla ya kupakua, algoridhimu ya siri ya nyumbani. Yanayofuata ni ufafanuzi wa hilo, pamoja na mambo machache ambayo sheria ya zamani ilituachia ndani ya seva zetu na ambayo yanastahili kukaguliwa leo.

Kitabu kinaruhusiwa, disketi hairuhusiwi

Hadi mwishoni mwa 1996 usimbaji ulikuwa kwenye orodha ya zana za kivita ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, chini ya kanuni zinazoitwa ITAR. Kuutoa nje ya nchi kulihitaji leseni kama ya kutoa bunduki. Phil Zimmermann alipotoa PGP, programu ya kusimba barua pepe, mwaka 1991 nayo ikasambaa kwenye mitandao hadi nje ya nchi, alichunguzwa kuanzia 1993 hadi Januari 1996. Uchunguzi ukafungwa bila mashtaka yoyote.

Katikati ya uchunguzi huo ukaonekana ufa wa ajabu. Kitabu kinalindwa na Katiba ya Marekani kwa sababu ni maneno. Mwaka 1994 mhandisi Phil Karn aliiuliza serikali kama kitabu kimoja cha usimbaji, chenye msimbo uliochapwa kurasa za mwisho, kinaweza kutoka nje. Akaambiwa kinaweza. Alipouliza kuhusu disketi yenye msimbo uleule, akakataliwa. Wenye PGP wakaufanyia kazi ufa huo: msimbo wa toleo la 5.0 ulichapwa katika juzuu 12 zenye zaidi ya kurasa 6,000, vitabu vikasafirishwa kihalali hadi Ulaya, na mwaka 1997 wajitolea zaidi ya 70 wakavipitisha kwenye skana na kusahihisha makosa ya usomaji mstari kwa mstari, kazi iliyochukua zaidi ya saa 1,000. Fikiria saa zote hizo zimetumika kurudisha kwenye kompyuta kitu ambacho tangu mwanzo kilikuwa kwenye kompyuta.

Kesi iliyoitikisa sheria zaidi ilikuwa ya Daniel Bernstein, aliyetaka kuchapisha algoridhimu yake ya Snuffle. Aprili 1996 Jaji Marilyn Hall Patel aliamua kwamba msimbo chanzo ni usemi unaolindwa na Katiba, na Mei 1999 jopo la Mahakama ya Rufaa ya Mkoa wa Tisa likakubaliana naye. Uamuzi ule wa rufaa uliondolewa baadaye mwaka huohuo ili usikilizwe upya na majaji wengi zaidi, kwa hiyo usiutaje kama sheria iliyokamilika. Hata hivyo shinikizo lake lilionekana. Usimbaji ulikuwa umeshahamishiwa Wizara ya Biashara kwa Amri ya Rais namba 13026 ya Novemba 1996, na Januari 2000 wizara hiyo ikatoa kanuni mpya zilizoruhusu msimbo chanzo wa hadharani kuwekwa kwenye intaneti kwa sharti la kutuma taarifa tu. Aprili 2000, Mahakama ya Rufaa ya Mkoa wa Sita nayo, katika kesi ya Peter Junger, ikasema msimbo ni usemi.

Programu huria ilipona miaka ile kwa kuhama. Mfumo endeshi wa OpenBSD ulikaa Canada. GnuPG, mbadala huria wa PGP, iliandikwa Ujerumani na Werner Koch. OpenSSL, maktaba ya usimbaji, ilichipuka mwaka 1998 kutoka SSLeay, kazi iliyoanzia Australia. Debian, mfumo wa Linux, ilikuwa na ghala la pembeni lililoitwa non-US, likiwa na vifurushi vya usimbaji kwenye seva zilizo nje ya Marekani, na mtumiaji alilazimika kuliongeza kwa mkono kwenye orodha yake ya vyanzo. Mmarekani aliyeona kosa katika msimbo wa usimbaji wa miradi hiyo alijikuta hana ruhusa ya kutuma kiraka. Hicho ndicho kipimo changu cha ubaya wa sheria ile: ilimzuia mtu mwenye dawa asimfikie mgonjwa, huku asiyemtakia mema mgonjwa akipita popote.

Vidonda vya biti 40

Hapa ndipo historia inapoacha kuwa historia, maana inagusa seva inayofanya kazi leo.

Miaka ya tisini kampuni za Marekani ziliruhusiwa kuuza nje bila taabu ikiwa ufunguo, yaani namba ya siri ya kufungulia ujumbe, hauzidi biti 40; biti zikiwa chache, ni rahisi kuikisia. Netscape ikatoa vivinjari viwili: cha Wamarekani chenye biti 128, na cha dunia nzima chenye biti 40. Cha pili kilitengeneza ufunguo wa biti 128 na kisha kutuma biti 88 kati ya hizo waziwazi, zikabaki 40 tu za siri. Idadi ya funguo zinazowezekana kwa biti 40 ni kama trilioni 1.1. Agosti 1995 Damien Doligez, mtafiti nchini Ufaransa, alivunja ujumbe mmoja wa aina hiyo kwa siku nane akitumia kompyuta za ofisini zipatazo 120 na mashine chache kubwa. Lotus Notes nayo ilikuwa na mpango wake: toleo la nje lilikuwa na biti 64, lakini biti 24 kati ya hizo zilifungwa kwa ufunguo wa shirika la ujasusi la NSA, kwa hiyo wao walibakiwa na 40 za kutafuta. Kwa usimbaji wa ufunguo wa hadhara, wenye funguo mbili, mmoja wa wazi na mmoja wa siri, kikomo kilikuwa RSA ya biti 512.

Kanuni zilipolegezwa mwaka 2000, hakuna aliyekwenda kuufuta msimbo wa aina hizo dhaifu. Ulibaki ndani ya maktaba, ukingoja.

Machi 2015 ukaonekana udhaifu ulioitwa FREAK. Mshambuliaji anayekaa kati ya mteja (kivinjari, kwa mfano) na seva hubadilisha salamu ya kwanza ya mteja, akaifanya iombe RSA ya biti 512 ya kuuza nje. Seva iliyoachwa na mipangilio ya zamani inajibu kwa ufunguo huo mfupi uliotiwa saini halali. Mteja mwenye kosa anaukubali, ingawa hakuuomba. Kuuvunja ufunguo wa biti 512 kwenye mashine za kukodi mtandaoni kulichukua saa saba hivi na takriban dola 100. Jambo lililozidisha ubaya ni kwamba seva nyingi za Apache zilitengeneza ufunguo huo mfupi mara moja tu zinapowashwa na kuutumia hadi zizimwe, kwa hiyo ukiuvunja mara moja unasoma mawasiliano ya wiki nzima.

Mei 2015 ikafuata Logjam, na hii haikuwa kosa la msimbo wa mteja bali la itifaki yenyewe: saini ya seva haikujumuisha aina ya usimbaji iliyochaguliwa, hivyo mshambuliaji aliweza kumpa mteja Diffie-Hellman (njia ya kukubaliana ufunguo) ya biti 512 akidhani ni ya kawaida. Kwa kuwa seva nyingi zilitumia namba tasa ileile moja, hesabu nzito ya awali ya wiki moja iliwezesha kuvunja kila muunganisho baada ya hapo kwa kama dakika moja. Machi 2016 ikaja DROWN: seva inayokubali SSLv2 (itifaki ya zamani ya kulinda miunganisho ya mtandao) yenye biti 40 ilitumika kufungua mawasiliano ya TLS, mrithi wake wa kisasa, yanayotumia ufunguo uleule wa RSA, hata kama hiyo TLS ipo kwenye seva nyingine kabisa. Gharama yake ilikuwa dola 440 hivi na chini ya saa nane.

Kukagua seva yako, tumia nmap, programu ya kuchunguza seva:

`nmap --script ssl-enum-ciphers -p 443,25,465,587,993 jina-la-seva`

Tafuta neno EXPORT katika majina yanayotoka, kama TLS_RSA_EXPORT_WITH_RC4_40_MD5. Usiishie 443. Seva za barua pepe ndizo zinazosahaulika, na Postfix ya zamani iliweka "export" kuwa kiwango chake cha chini cha usimbaji. Kuna mtego mmoja unaowapoteza watu wengi: wanaendesha `openssl s_client -cipher EXPORT` kwenye kompyuta mpya, amri inakataa, nao wanadhani seva ni salama. OpenSSL iliondoa aina zote za biti 40 na 56 kwenye TLS tangu toleo 1.1.0 la mwaka 2016. Kwa hiyo kilichokataa ni kompyuta yako, na seva haijaulizwa lolote. Tumia nmap, au testssl.sh, ambayo haitegemei OpenSSL ya mfumo wako.

Tiba kwenye seva ya wavuti ya Nginx ni `ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;` na kwenye Apache ni `SSLProtocol -all +TLSv1.2 +TLSv1.3`. Kama bado una mashine ya zamani isiyoweza kupanda hapo, iondoe kwenye intaneti ya wazi, na usiache ufunguo wake wa RSA ukitumika pia kwenye seva nyingine.

Sheria inavyosema sasa

Kanuni za leo zinaitwa EAR, na zinasimamiwa na ofisi ya BIS ndani ya Wizara ya Biashara ya Marekani. Zinagusa kitu chochote kilicho ndani ya Marekani, chochote kilichotengenezwa huko popote kilipo, na hata bidhaa ya nje yenye sehemu za Kimarekani zinazodhibitiwa kuzidi asilimia 25, au asilimia 10 kwa nchi zilizowekewa vikwazo vikali. Ndiyo maana msimbo ulioandikwa Arusha, ukishapandishwa kwenye seva iliyoko Virginia, Marekani, unaweza kuhesabika kuwa "unasafirishwa nje" kila mtu wa Mombasa anapoupakua.

Programu ya usimbaji ina namba yake: 5D002. Kifaa ni 5A002. Bidhaa za soko la kawaida huangukia 5D992. Kinachoingiza programu katika 5D002 ni kuficha yaliyomo kwa ufunguo unaozidi biti 56 kwa usimbaji wa ufunguo mmoja, biti 512 kwa RSA, au biti 112 kwa mikunjo ya duaradufu (elliptic curve). AES-128 inavuka kikomo hicho kwa mbali. Lakini soma tena maneno haya: kuficha yaliyomo. Programu inayothibitisha tu, yaani inayohakiki nywila kwa Argon2, au kutia na kukagua saini za kidijitali, haimo humo kabisa. Ukiandika chombo cha kukagua saini za vifurushi, huna unachodaiwa.

Sasa mlango wenyewe. Kifungu 734.7 kinaeleza maana ya "kuchapishwa", na kifungu 742.15(b) kinasema msimbo chanzo wa usimbaji uliochapishwa hauko chini ya EAR. Faili zilizokusanywa tayari kuendeshwa nazo zinatoka, mradi msimbo chanzo unaolingana nazo uko hadharani. Hadi Machi 2021 ulitakiwa kwanza kutuma barua pepe kwa crypt@bis.doc.gov na enc@nsa.gov ukitaja anwani ya mtandao ulipo msimbo. Kanuni ya tarehe 29 Machi 2021 ilifuta takwa hilo kwa miradi inayotumia usimbaji wa kawaida. Limebaki kwa "usimbaji usio wa kawaida" tu, yaani algoridhimu au itifaki ambayo haijapitishwa na chombo cha viwango kama IETF, ISO au IEEE, na pia haijachapishwa kwingine.

Kwa hiyo mradi unaotumia AES, ChaCha20, Curve25519 au ML-KEM haudaiwi barua. Kama umebuni itifaki yako mwenyewe, tuma barua. Iwe fupi: taja kwamba ni taarifa chini ya 742.15(b), jina la mradi, anwani kamili ya hifadhi, na jina la anayetuma. Itume siku unayochapisha, usingoje jibu, na hifadhi nakala. Msimbo ukibadilika kila siku mahali palepale hutumi tena. Ukihamisha hifadhi kwenda anwani nyingine, unatuma upya. Wanaotuma nakala ya msimbo badala ya anwani wanajitwisha mzigo, kwa sababu kila wanapobadilisha sehemu ya usimbaji wanapaswa kupeleka nakala mpya. Tuma anwani.

Na kama itifaki hiyo ni ya kwako peke yako, naomba ujiulize kwanza kwa nini usitumie iliyopo tayari kama Noise au TLS 1.3. Sheria hapa inakubaliana na hekima ya kawaida ya usalama kwa njia nzuri: kinachokuletea karatasi ndicho hichohicho kinachomhatarisha mtumiaji.

Nje ya Marekani hali haitofautiani sana. Mkataba wa Wassenaar, wenye nchi 42, ndio unaotoa orodha inayofuatwa na wengi, na maelezo yake ya jumla kuhusu programu yanaiacha huru iliyo "hadharani". Katika Afrika nzima mwanachama ni Afrika Kusini peke yake. Umoja wa Ulaya una Kanuni 2021/821 yenye msamaha kama huo.

Pale watu wanapoteleza

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kutumia maktaba huria kunaisafisha bidhaa nzima. OpenSSL iko huru. Programu yako iliyofungwa iliyoibeba OpenSSL ndani yake si OpenSSL. Inapimwa kama kitu kimoja, na ikitoka Marekani inakuwa 5D002 au 5D992 yenye utaratibu wake.

La pili ni hifadhi ya faragha. Msimbo ulio kwenye hifadhi iliyofungwa haujachapishwa, hata kama juu yake umeweka leseni ya GPL. Mradi wenye toleo la jumuiya na toleo la kulipia uwe na mstari unaoonekana kati yao: kilicho hadharani kiko nje ya EAR, kiambatanisho cha siri kiko ndani yake. Mfano unaofahamika ni Metasploit, zana ya kujaribu usalama wa mifumo. Mwaka 2015 matoleo yake yaliyofungwa yalianza kuwadai wateja walio nje ya Marekani na Canada maelezo ya ziada kwa ajili ya kanuni hizi. Metasploit Framework, iliyo huria, iliendelea kupakuliwa na yeyote.

La tatu linafanywa na watu wenye nia njema kabisa. Wanaweka ukurasa kabla ya kupakua: "Thibitisha kwamba huishi katika nchi zifuatazo." Au wanaongeza kwenye leseni kifungu kinachokataza watumiaji wa nchi fulani. Kizuizi cha kupakua kinadhoofisha hoja yako kwamba msimbo umechapishwa kwa kila mtu, yaani unaubomoa ukuta uliokuwa unakulinda. Na kifungu kwenye leseni kinaivunja leseni yenyewe: fasili ya programu huria, katika nukta zake za 5 na 6, inakataza kubagua watu, makundi na matumizi. Ukikiunganisha na msimbo wa GPL, unakuwa umeongeza sharti ambalo GPL hairuhusu. Unachoweza kufanya ni kumkumbusha msomaji, katika faili ya README, kwamba programu ina usimbaji na kwamba aangalie sheria za nchi yake. Miradi ya Apache hufanya hivyo, ikitaja namba 5D002 na jinsi mradi ulivyoainishwa. Onyo linaruhusiwa, lakini lisigeuke kuwa sharti.

La nne ni vifaa. Ukichukua msimbo huria na kuuweka ndani ya ruta au ufunguo wa USB unaouza, msamaha wa msimbo hauandamani na kile kipande cha chuma. Kifaa kina uainishaji wake.

Kuna na hili kwa wanaonunua: serikali za nchi zetu hazimo kwenye orodha ya nchi zinazopendelewa katika kiambatisho namba 3 cha sehemu ya 740. Vifaa vizito vya mtandao vilivyofungwa, vya kundi la (b)(2), vikienda kwa ofisi ya serikali ya Kenya au Tanzania vinahitaji leseni ya Marekani, ilhali kampuni binafsi ya mtaa uleule haihitaji. Fasili ya "mtumiaji wa serikali" inaziacha nje shule, hospitali na kampuni za simu hata zikiwa za umma. Mzabuni asiyejua hili hujikuta mzigo umekwama. Kwa wenzetu wa Congo, kuwepo kwa nchi yao kwenye orodha ya vikwazo vya silaha kusiwatishe: orodha hiyo ni ya zana za kijeshi, na maktaba ya usimbaji iliyo hadharani haiguswi nayo.

Vikwazo ni sheria nyingine

Watu huchanganya EAR na vikwazo vya OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani. EAR inauliza habari za kitu. OFAC inauliza habari za mtu. Msimbo unaweza kuwa huru kabisa chini ya EAR, na bado kampuni ya Marekani ikashindwa kumhudumia mtu aliye katika nchi fulani, kwa sababu kumpa akaunti, hifadhi ya faragha au msaada ni huduma.

Januari 2010 SourceForge, ghala la programu huria mtandaoni, ilifunga milango kwa anwani za mtandao za Cuba, Iran, Korea Kaskazini, Sudan na Syria. Mwanafunzi wa Khartoum aliyetaka kupakua programu huria alikataliwa kwa sababu ya mahali alipoketi. Vikwazo vya jumla dhidi ya Sudan viliondolewa Oktoba 2017. Julai 2019 GitHub, mahali pa kuhifadhi msimbo mtandaoni, iliwazuia watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwenye hifadhi za faragha na huduma za kulipia, huku hifadhi za hadharani zikibaki wazi. Januari 2021 ikapata leseni ya kuihudumia Iran kikamilifu. Agosti 2022 OFAC iliiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuchanganya sarafu za kidijitali ili mtumaji asijulikane, na msimbo wake ukaondolewa GitHub. Mwezi uliofuata ukarudishwa kwa sehemu, na Novemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Mkoa wa Tano ikasema OFAC ilivuka mamlaka yake kuhusu mikataba-erevu isiyobadilika, yaani programu zinazojiendesha kwenye blockchain. Vikwazo vikafutwa Machi 2025. Oktoba 2024 majina ya watunzaji kadhaa wenye uhusiano na Urusi yaliondolewa kwenye orodha ya watunzaji wa kerneli ya Linux, kwa sababu ya vikwazo hivyohivyo vya watu na kampuni.

Turudi kwenye swali la Apple

Kama programu yako inasimba kupitia HTTPS ya mfumo wa simu peke yake, kwa mfano kwa URLSession, usimbaji huo umesamehewa. Weka kwenye Info.plist ufunguo `ITSAppUsesNonExemptEncryption` wenye thamani NO, na hutaulizwa tena kila unapopeleka toleo. Angalia vizuri maneno ya ufunguo huo: hauulizi kama unasimba, unauliza kama unatumia usimbaji *usiosamehewa*.

Ukiwa umebeba maktaba ya usimbaji yako mwenyewe, kama SQLCipher, libsodium au OpenSSL, jibu ni algoridhimu za kawaida zinazotumika kando ya zile za mfumo. Wanaotumia Flutter waangalie hapa: HTTPS ya dart:io haipiti kwa Apple, inabeba BoringSSL ndani yake. Kwa jibu hilo Apple haikudai hati ya Marekani, lakini ukiiuza programu Ufaransa inadai tamko la Kifaransa. Sheria ya Ufaransa ya Juni 2004 inaruhusu kutumia usimbaji kwa uhuru, ila anayeutoa au kuuingiza nchini hutoa tamko kwa ANSSI, shirika la usalama wa mitandao la Ufaransa, angalau mwezi mmoja kabla. Usipokuwa na watumiaji huko, iondoe Ufaransa kwenye orodha ya nchi na hati haitahitajika. Ukichagua algoridhimu ya siri ya kwako, jiandae kwa uainishaji rasmi wa BIS.

Kwa mradi wa hadharani, fanya na hili moja zaidi, maana kampuni inayokuhifadhi inaweza kufunga mlango siku yoyote. Weka nakala kamili mahali pawili, na angalau pamojawapo pawe nje ya Marekani: Codeberg iko Ujerumani, na Software Heritage ya Ufaransa inahifadhi msimbo wa umma pamoja na historia yake. Kila toleo litie saini kwa `gpg --armor --detach-sign mradi-1.2.tar.gz`, na alama ya ufunguo wako (fingerprint) iandike kwenye README, kwenye tovuti na popote unapojulikana, sehemu tatu tofauti. Aliyefungiwa mlango mmoja atachukua faili kwa jirani au kwenye USB, kisha ataendesha `gpg --verify mradi-1.2.tar.gz.asc mradi-1.2.tar.gz` na kulinganisha alama ya ufunguo na ile aliyokuwa nayo kabla ya mlango kufungwa.